Kodiani Juu ya Sauti ya Reino

Hakuna video iliyowahi kunidanganya. Nipe dakika mbili za harusi ya shangazi yako, nitakuambia ilipigwa na kamera ya aina gani, ikachezwa kwenye deki ya nani, na ni fundi gani kilaza aliyeibana mpaka nyuso za watu zikawa uji. Na la pili: hakuna picha ya mtu iliyowahi kuharibikia mikononi mwangu. Ulizia Duluth nzima. Sema tu Arlo Kangas, yule wa duka la kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye kompyuta.

Hayo yote nilimwambia Marlene Niemi alipoingia dukani mwezi Juni, akiwa bado na sare zake za unesi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Naweza kuendelea, dada."

"Usiendelee." Akaweka flashi juu ya meza. "Baba yangu yumo humu. Midomo inacheza, anaongea, lakini sauti yake haipo. Kuna kodiani tu, mwanzo mpaka mwisho. Mdogo wangu Duane anasema ni mimi niliyeiweka hiyo kodiani ili kumfunika Baba."

"Umfunike kwa nini?"

"Kwa sababu Duane anadai siku ile Baba alimwambia kwamba nyumba ya ziwani ni yake yeye Duane. Alikuwa mtoto wa miaka sita, amekaa kwenye goti la Baba. Mimi nilikuwa naogelea, sikusikia neno. Mama alikuwa ndani ya sauna. Baba amekufa. Sasa Duane haongei na mimi tangu Krismasi, na Mama amesema kama tutafika Juhannus bila kuingia sauna pamoja, nyumba ataiuza. Kuna mtu wa Minneapolis anaitaka. Atabomoa sauna aweke gereji ya boti."

Kubomoa sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke! Sisi wote ni wazao wa Wafini; mimi mwenyewe Kifini sikijui zaidi ya matusi na majina ya vyakula, lakini hapo nilihisi mgongo umenisisimka. Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikachomeka flashi. Faili moja, MP4.

"Kwanza tuelewane," nikamwambia. "Faili la video ni boksi. Hiyo MP4 ni jina la boksi, halikuambii ndani kuna kitu kizuri au takataka. Ndani picha inakaa peke yake na sauti peke yake, zimelala sambamba kama mume na mke waliogombana. Boksi lingine linaweza kubeba hata sauti mbili au tatu, ukachagua ya kusikiliza."

"Na hili?"

"Hili ni dogo mno. Mtu amelibana ili liingie kwenye simu. Unajua watu hawapendi faili kubwa. Faili kubwa ni kama mjomba mnene kwenye sauna: anakalia benchi zima na hatoi joto lolote."

Marlene hakucheka. Ni utani wangu bora, lakini manesi wamesikia mengi.

Tukatazama. Gati la mbao, ziwa nyuma yake, mwanamume kwenye kiti na mtoto gotini, kamera imesimamishwa mbele yao. Maji yalikuwa yamekatika vipande vipande kama vigae vya bafuni. Ndiyo dalili ya kubana kupita kiasi. Mtoto alipopunga mkono, mkono ule ulikuwa na meno kama ya kitana. Hiyo ni alama ya mkanda wa zamani: picha yake huchorwa kwa mistari, nusu kwa nusu, na mtu mwenye akili huzinyoosha kwanza kabla ya kubana. Huyu hakunyoosha.

"Baba yako alikuwa mnene?"

"Baba? Mwembamba kama ufito."

"Basi amevutwa. Picha ya zamani karibu ni ya mraba. Fundi ameitanua ijae kwenye televisheni ya siku hizi, na baba yako amenenepa kwa usiku mmoja." Nikatikisa kichwa. "Aliyefanya kazi hii apigwe marufuku kugusa kompyuta. Hata ile mashine ya benki ya kutolea pesa asiiguse."

"Mama ndiye aliyetengenezesha. Alitaka kutushtukiza wakati wa Krismasi."

"Kwa nani?"

"Mtu fulani, kwa posta. Mama haoni vizuri siku hizi, hakumbuki jina."

Nilisoma maandishi yaliyofichika ndani ya faili. Programu iliyolibana ilikuwa ileile tunayotumia sisi, lakini nusu ya Marekani wanaitumia, kwa hiyo haikunipa chochote. Tarehe ilikuwa ya Novemba. Hilo nalo halikunishangaza. Kila mwaka kuanzia Novemba watu wa kaskazini yote hii wanataka flashi za zawadi, na mafundi tunafanya kazi tumefumba macho.

"Mkanda wenyewe uko wapi?"

"Duane aliuchukua baada ya Krismasi ili anioneshe kwamba mimi ni mwongo. Akauingiza kwenye deki yake ya zamani. Deki ikautafuna."

Picha ikaendelea. Reino Niemi, yule baba yao, alimpa mtoto kitu kidogo. Mtoto akakishika, akakirusharusha. Kisha ghafla wote wawili wakainama kutazama majini. Reino akafungua mdomo wazi kabisa, akasema jambo refu. Kodiani ikapiga polka kwa furaha.

*

Ijumaa asubuhi nikaendesha hadi Ziwa Vermilion. Duane alikuwa uani anapasua kuni, na rundo alilokuwa ameshalipasua lilitosha kuchemsha nusu ya ziwa.

"Wewe ndiye mpelelezi wa dada'ngu?"

"Mimi ni wa video. Sina upande."

"Ulilipwa na nani?"

"Na dada yako."

"Basi upande unao, dogo."

Ndani, mama yao, Aili, alikuwa anamimina kahawa kwa kusikiliza. Yaani anasikiliza mlio wa kikombe kinavyojaa, kisha anaacha palepale panapotakiwa. Macho yake yalikuwa na ukungu. Niliposema hodi aligeuza kichwa haraka, akanielekezea sikio, kisha akasema, "Karibu, kijana. Kaa. Kunywa kahawa."

Kwetu huku mgeni haulizwi neno zito kabla kahawa yake haijaisha. Ndiyo maana watu wenye makosa hunywa polepole. Kulikuwa na pulla, ule mkate mtamu wa iliki, na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Marlene alikaa upande huu wa meza, Duane upande ule, na katikati yao siagi.

Nikafungua kompyuta. "Nitasema nilichokiona. Sikilizeni kodiani hii. Ziwani kuna upepo, kuna ndege, kuna maji yanayopiga gati. Humu hakuna hata kimoja. Sauti yote ya pale imeondolewa, muziki ukawekwa. Hiyo ni kazi ya kompyuta. Ni kazi ya juzijuzi."

"Nilisema!" Duane akapiga meza, siagi ikaruka.

"Ya nani?" Marlene akauliza. Sauti yake ilikuwa ya baridi.

Nikajikohoza. "Kabla ya Krismasi, dada, mkanda ulikuwa kwa nani?"

"Mama alinipa niupeleke maktaba ya Virginia, ule mji wa jirani hapa. Kuna mzee pale anahamisha mikanda bure. Niliupeleka, nikauchukua pamoja na diski ya kuhifadhia mafaili, nikavirudisha hapa. Basi."

"Kwa hiyo ulikuwa nao."

"Arlo. Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Video haijali nani kanileta."

Nilijiona nimesema jambo kubwa sana. Duane alikuwa ameshasimama, anavaa kofia. "Mama, umesikia. Kesho nitapasha sauna, mtaoga nyinyi. Mimi siji."

Aili alishika kitambaa cha meza, akakikunja, akakikunjua.

"Rudisha hapo nyuma," akasema mwishowe. "Pale muziki unapolewa."

"Unapolewa?"

"Unayumba kidogo. Rudisha."

Nikarudisha. Kweli, kuna mahali polka ililegea nusu pumzi kama mpigaji amejikwaa, kisha ikasimama sawa. Nikatazama picha. Palepale, chini ya kioo, mstari wa chenga ulipita na kutoweka. Nikarudia tena na tena. Muziki ulilegea kila chenga zilipopita, pamoja.

Nikahisi masikio yanapata moto.

"Duane, kaa," nikasema.

"Nikae nini tena?"

"Nimekosea."

"Sema tena, sijasikia vizuri," Marlene akasema.

"Nimekosea, dada. Chenga ni kovu la mkanda. Mkanda uliumia mahali pale. Kama muziki ungewekwa kwenye kompyuta, usingejua chochote kuhusu kovu hilo, ungepita sawasawa. Huu umeyumba pamoja na picha. Kodiani ilikuwa kwenye mkanda tangu zamani. Dada yako hakuigusa, Duane. Wala kompyuta yoyote."

Duane akakaa, kofia bado kichwani. Hapo ndipo aliponitazama kama mtu anayetazama ubao uliooza kwenye gati. "Sasa nani?"

"Mlikuwa na deki ya aina gani wakati ule?"

"Ya Baba," Marlene akasema. "Ghali, yenye vitufe vingi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa."

"Kulikuwa na kitufe cha kuweka sauti mpya juu ya picha ya zamani?"

"Kilikuwepo," Aili akasema. "Na kodiani ni ya redio, kipindi cha Jumapili. Sasa nimekumbuka. Reino alikaa na waya zake chumbani, mlango amefunga. Jumatano yake tulionyesha video kanisani, kwenye chumba cha chini, wakati wa kahawa ya washarika."

"Mumeo alikuwa na cheo gani kanisani?"

"Mzee wa kanisa. Mshika sadaka."

"Bibi, alikuwa anatukana?"

"Reino?" Aili akachekea puani. "Akipigilia msumari tu, ndege walihama."

Nikawageuzia kompyuta ile sehemu ambapo baba na mtoto wanainama majini na Reino anafungua mdomo. "Hapa alisema jambo ambalo washarika hawakupaswa kulisikia. Badala ya kukata kipande hicho, akafunika mkanda mzima kwa polka."

"Mkanda mzima!" Marlene akasema. "Kwa neno moja?"

"Ndiye baba yenu huyo," Aili akajibu. "Akipaka rangi mlango, anapaka na bawaba."

Duane hakucheka. "Kwa hiyo sauti imekwenda. Alifuta mwenyewe."

"Hapana. Hapo ndipo kwenye uzuri." Nikajisogeza mbele, nilikuwa nimeanza kurudi kwenye hali yangu. "Mkanda wa kamera nzuri za wakati ule ulikuwa na sauti mahali pawili. Moja ukingoni mwa mkanda, nyingine imezikwa ndani, chini ya picha. Kile kitufe hubadilisha ya ukingoni tu. Iliyozikwa haifikii. Baba yenu alipaka rangi juu ya ukuta, lakini ukuta upo."

"Mkanda umetafunwa, dogo."

"Yule mzee wa maktaba aliucheza kabla haujatafunwa. Dada, kwenye diski yake alikuwekea faili gani?"

Marlene akafikiri. "Kubwa. Alisema halitafunguka kwenye simu. MKV? Akasema ameucheza mkanda mara mbili, asiache kitu. Mimi nilitoka zamu ya usiku, sikumsikiliza."

"Basi sauti zote mbili zimo, kwenye boksi moja. Halafu likapelekwa kwa yule mjinga wa kwenye posta. Alipolibana, programu yake ikachukua sauti ya kwanza peke yake, ya kodiani, ikaiacha ya pili. Ndivyo inavyofanya usipoiambia. Hakusikiliza, hakukagua, akatia flashi kwenye bahasha." Nikanyoosha mikono. "Bibi, diski ile iko wapi?"

Aili alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Ilirudi pamoja na flashi. Lakini yule kijana alinipigia simu. Akasema kubwa halina kazi tena, nilitupe."

"Alikwambia utupe!" Nikashika kichwa. Sikuigiza, nilikuwa na hasira ya kweli. "Huyo angeshtakiwa!"

"Nikampa Duane akaitupe."

Wote tukamgeukia Duane. Duane akavua kofia, akaitazama ndani yake.

"Sijui kama niliitupa," akasema.

"Duane," Marlene akasema taratibu, "wewe hujawahi kutupa kitu maishani mwako."

Duane akatoka mbio. Tulisikia mlango wa pikapu, kisha vitu vinamwagika: minyororo, koleo la theluji, makopo. Akarudi na ndoo mbili za plastiki za aiskrimu, zile ambazo kila nyumba huku huhifadhia kila kitu isipokuwa aiskrimu. Ya kwanza ilikuwa na skrubu. Ya pili ilikuwa na ndoana za kuvulia samaki, na chini kabisa, waya wake umenaswa na ndoana tatu, diski nyeusi yenye karatasi ya maktaba.

Marlene alinasua ndoana moja baada ya nyingine, kama anatoa mishono. Duane alimshikia ndoo.

Nikachomeka. Diski ikakwama, ikanung'unika, ikazunguka. Faili likafunguka, na maji yakawa maji. Reino akawa mwembamba. Kodiani ikaanza. Nikatafuta sehemu ya kuchagua sauti. Zilikuwa mbili. Nikabonyeza ya pili.

Upepo. Maji yanapiga gati. Mbali kidogo, msichana anapiga kelele kwamba maji ni ya baridi. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya karibu sana:

"Sikia, Duane. Nikiondoka mimi, kuni ni kazi yako. Kila msimu. Dada'ko mikono yake ni ya kitabu. Lakini ufunguo wa nyumba akae nao yeye, kwa sababu wewe utaupoteza."

"Sitaupoteza!"

"Utaupoteza. Haya shika, tuone."

Kicheko cha mtoto. Ufunguo unarushwa, unadakwa, unarushwa. Kisha, *chubwi*.

Halafu Reino Niemi, mshika sadaka, akafungua mdomo na kutoa "perkele", lile tusi kuu la Kifini, ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia, na nyuma yake nyingine sita zilizoshikana kama mabehewa ya treni ya kubebea madini ya chuma.

Aili aliweka mkono mdomoni. Nilidhani analia. Mabega yalimtikisika, kisha kicheko kikamtoka, na machozi yakiwa humohumo. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Rudisha."

Tulirudisha mpaka tukayajua yale matusi kwa mpangilio. Duane alikuwa amekaa, viganja vyote viwili juu ya meza.

"Nilikumbuka kuni," akamwambia dada yake. "Naapa nilikumbuka amesema ni yangu. Ya ufunguo sikuikumbuka."

"Mtu hakumbuki alichokitumbukiza ziwani," Marlene akasema. Akatoa ufunguo mfukoni, akautazama, akaurudisha. "Kesho unapasha saa ngapi?"

"Saa tisa mchana iwe tayari."

"Usiweke kuni nyingi, ile ya mwaka juzi ilinibabua."

"Basi kaa benchi la chini na watoto."

Aili akanimiminia kahawa nyingine, akisikiliza kikombe. Nikainywa kwa furaha. Kesi imekwisha, sauna imepona, na mimi nimekosea mara moja tu, tena kwa dakika chache. Nikaanza kutoa maagizo.

"Hili kubwa mlifanyie nakala mbili. Moja ikae kwa Marlene, moja kwa Duane, ila isikae na ndoana. Huu ndio mkanda wenu sasa, hakuna mwingine. Mkitaka la simu nitawatengenezea jipya, lenye uso usiovutwa, sauti ya baba ndani."

"Si litakuwa baya tena?" Duane akauliza.

"Dogo la kutazama, kubwa la kutunza. Shida ni watu wanataka kubaki na dogo peke yake, maana unajua, faili kubwa ni kama—"

"Mjomba mnene kwenye sauna," Aili akasema. "Anakalia benchi zima na hatoi joto lolote."

Marlene alikuwa anaenda kwenye sinki na sahani. Akasimama katikati ya chumba.

"Mama, huo umeutoa wapi?"

"Novemba, kwenye simu hii ya ukutani. Nilimwuliza yule kijana wa Duluth, hili kubwa je? Akaniambia habari za mjomba. Nilicheka. Kisha akasema, 'Litupe tu, bibi, hutalihitaji tena.'" Akageuza yale macho yenye ukungu moja kwa moja usoni pangu, bila kukosea hata kidole. "Sauti niliijua tangu uliposema hodi."

"Bibi, mbona... mbona hukusema?"

"Ulikuwa hujamaliza kahawa."

Duane akaanza kucheka kutoka tumboni, polepole, kama injini ya boti inayokataa kuwaka. Marlene aliweka sahani chini, akavuta kiti, akakaa mbele yangu na kukunja mikono.

"Arlo," akasema, "lile neno uliloniambia dukani kuhusu fundi huyo, la benki. Hebu lirudie, Mama naye alisikie."

Nikainua kikombe nijifiche nyuma yake. Kilikuwa kitupu.